Kituo Kisichokosa Dawa

Tarehe 3 Februari

Dada,

Mgao mpya umetangazwa leo saa nne asubuhi. Mwenyekiti wa bodi ya huu Mfuko ninaoufanyia kazi ameusoma mwenyewe, akiwa amesimama, mbele ya watu wapatao mia mbili. Nchi yetu imo kwenye orodha ya nchi saba "zilizohitimu". Maana yake ni kwamba kuanzia tarehe mosi Machi, Mfuko hautamlipia dawa mgonjwa mpya wa kifua kikuu sugu huko nyumbani. Walioanza matibabu watamaliziwa dozi zao. Wapya ni mzigo wa serikali.

Shikamoo. Najua nimetanguliza habari kabla ya salamu, na najua barua hii itasomwa kwa sauti sebuleni, kwa hiyo: Shangazi, shikamoo nawe, unisamehe. Nilitaka mlisikie kwangu kabla ya redio.

Huku hatujambo. Mke wangu amepona mguu. Binti ameng'oka meno mawili ya mbele, anawatisha wenzake kwa pengo. Nimehamishiwa ghorofa ya sita, chumba chenye dirisha, ingawa halifunguki.

Usiwe na hofu. Kituo chako kina sifa huku kuliko unavyojua. Mimi ni mtu wa majedwali tu, sina kura kwenye bodi. Ningekuwa nayo ungeniuliza maswali mengine.

Shangazi bado anauza vitambaa au magoti yamemshinda? Mwambie kile kitambaa alichonitumia nimekishona shati, na shati lenyewe nalivaa siku za vikao. Wakubwa wananiuliza nimelinunua wapi.

Mdogo wako


Tarehe 27 Februari

Mdogo wangu,

Marahaba. Barua yako ilifika tarehe 20. Redio ilikuwa imekutangulia kwa siku kumi na saba. Niliisoma sebuleni kama ulivyotabiri. Shangazi alisikiliza hadi mwisho akasema, "Mwambie huyo Profesa wetu, hata anayeleta habari ya msiba hubisha hodi kwanza." Akacheka, akakohoa, akaomba maji. Amelifurahia shati. Vitambaa bado anauza, ila siku hizi anafunga duka saa sita mchana.

Sisi wengine wazima. Mvua ya mawe imetoboa paa la jikoni, tunapikia upande mmoja.

Sasa hili la kuhitimu. Mratibu wa mkoa alikuja Jumatano na waraka. Alisimama mlangoni mwa wodi, hakuingia.

"Sista, hongera," akasema. "Tumepanda ngazi."

Nikamuuliza nani amepanda.

"Nchi. Pato la wastani la mtu mmoja limevuka kiwango. Ni ile migodi mipya ya kaskazini."

Kuna fundi cherehani kitanda cha nne, ulimi wake mkali kuliko mkasi wake. Akajibu palepale alipolala: "Mkubwa, mwingize tajiri mmoja humu wodini, kwa wastani wote tuna magari. Haya, nani ananipeleka nyumbani?" Wodi nzima ilicheka. Mratibu naye akacheka, kisha akanipa waraka nitie saini.

Hali iko hivi. Nina wagonjwa thelathini na wanane walioanza dozi. Dawa zao zipo, kidonge kwa kidonge, hadi wa mwisho amalize. Hazizidi hata siku moja. Kuanzia Jumapili, mgonjwa mpya ataandikwa jina, atapewa namba, ataambiwa asubiri. Serikali imesema itanunua. Mratibu anasema zabuni huchukua miezi tisa ikienda vizuri. Nina miaka ishirini na mbili kazini. Sijaiona ikienda vizuri.

Waraka unasema uamuzi ulitegemea "ushahidi wa mtathmini aliyefika vituoni". Hapa kwangu hajafika mtathmini. Umefika wewe, likizo, mwaka juzi, ukashinda stoo kwangu siku mbili kwa sababu ulisema ndiko kwenye ubaridi. Ni nani huyo mtathmini? Wewe uko humo humo ndani. Niulizie.

Shangazi anakusalimia.

Dada yako


Tarehe 6 Aprili

Dada,

Shikamoo. Mwezi umepita, na sheria ya Shangazi naijua: barua ijibiwe kabla mwezi haujaandama mara mbili. Nilikuwa safarini, nchi tatu kwa wiki nne. Nilipiga simu mara tatu, hukupokea.

Hatujambo. Binti ameota jino moja, limekaa upande kama mlango uliolegea.

Umeuliza juu ya mgao. Kwanza hutazamwa pato la wastani la nchi, kisha uzito wa ugonjwa. Hayo mawili peke yake yasingetutoa. Kuna hatua ya tatu: bodi huuliza kama vituo vya nchi hiyo vinaweza kusimama vyenyewe. Hapo ndipo tathmini huingia. Bodi ilionyeshwa kwamba vipo vituo ambavyo havijakosa dawa hata siku moja kwa miaka sita. Mtathmini alifuata taratibu. Jina lake siwezi kulitaja; ni kanuni ya kazi.

Nina ombi moja. Zile habari za daraja ulizonisimulia stoo, kwamba dawa zikikaribia kwisha unavuka na kikapu, unaazima kwa mwenzako wa kituo cha nchi ya ng'ambo, yule mnayemwita Bibi Kufuli, kisha shehena ikifika unamrudishia, na kwamba ndiyo sababu daftari lako halijawahi kuandikwa "hakuna": nakuomba zibaki kati yetu. Nilizisikia kama ndugu na nikaziacha nje kama ndugu. Zikijulikana, wewe utafukuzwa na yeye atafukuzwa. Nakulinda.

Hukunijibu kuhusu magoti ya Shangazi. Mpe shikamoo yangu.

Mdogo wako


Tarehe 2 Mei

Mtathmini,

Shikamoo yako imefika. Jibu lake limebaki huku.

"Nikaziacha nje." Nje ya nini? Nilipofika kwenye sentensi hiyo sebuleni, niliisoma kimoyomoyo, nikamwambia Shangazi kwamba umeandika habari za jino la mtoto. Siku ya pili nikapanda gari hadi mkoani. Nilikaa kwenye benchi la mratibu kuanzia saa mbili hadi saa nane mchana, hadi akachoka kunitazama.

"Sista, ripoti hii si ya kutoka nje," akasema.

"Basi nitaisomea ndani."

Kurasa sitini na mbili. Ukurasa wa kumi na nne una picha. Ni rafu yangu. Bati la biskuti lililobonyea ninamoweka mihuri, lipo. Mwandiko kwenye lebo ni wangu. Picha imepigwa kutoka juu, na mtu aliyesimama kwenye ndoo iliyopinduliwa. Naikumbuka ndoo hiyo kwa sababu ilipasuka ukaninunulia nyingine. Chini ya picha umeandika: "Kituo kisichokosa dawa. Dozi kamili kwa miezi sabini na miwili mfululizo, bila msaada wa ziada."

Bila msaada wa ziada. Maneno manne, na ulikuwa umekaa kwenye gunia la pamba nikikueleza msaada wenyewe unavyovuka daraja ndani ya kikapu.

Nikupe habari za daraja, maana unazipenda. Nilivuka tarehe 3 Machi. Bibi Kufuli alinipokea langoni na hakuniingiza ndani. Funguo zake anazivaa shingoni kama zamani.

"Mwenzangu," akasema, "nchi yangu bado ni maskini kwenye karatasi, kwa hiyo dawa ninazo hadi darini. Nchi yako imetajirika kwenye karatasi. Kati yangu na wewe ni mita mia moja na arobaini za zege."

"Boksi mbili tu."

"Wakaguzi wanakuja kila Ijumaa, wanahesabu hadi vizibo. Nikikupa moja nitaingia jela, na wewe ndiye utakayeniletea sabuni."

Nilirudi na kikapu kitupu. Nikafungua daftari nikaandika, kwa mara ya kwanza tangu nishike stoo ile: HAKUNA. Mkono wangu haukuzoea. Nililikosea, nikalirudia.

Wanaosubiri leo ni kumi na mmoja, namba 39 hadi 49. Namba 39 aliandikishwa Jumatatu tarehe 2 Machi, siku ya pili ya waraka. Angekuja wiki moja kabla, angekuwa ameanza. Ni mwanamke wa miaka sitini na minne, muuza vitambaa. Kikohozi chake ulikisoma kwenye barua yangu ya Februari. Alinikataza nisikuambie, alisema mtoto aliye kazini ugenini hapelekewi ugonjwa. Nimemtii miezi miwili. Leo simtii.

Utauliza kwa nini nisimpe dozi za mwingine. Za aliyekwisha kuanza hazimtoshi anayeanza. Nikimnyang'anya mmoja nitawaua wawili. Kila asubuhi natoa dawa kwa vitanda vyote, nampita Shangazi yangu. Ananiambia, "Pita, mwanangu, nakuona."

Usipige simu. Simu husema ikasahau. Andika.

Muuguzi mkuu wa kituo


Tarehe 20 Mei

Dada,

Shikamoo, hata kama haina jibu.

Barua yako imefika jana. Ukurasa wa kumi na nne niliuandika mimi.

Bodi ilikuwa imegawanyika. Nusu walisema wastani wa pato haumtibu mtu. Nusu walitaka nchi zianze kutoka kwenye orodha, ili zilizobaki zipate zaidi. Mkubwa wangu akasema, "Nileteeni kituo kimoja. Kimoja tu, chenye picha." Mkataba wangu ulikuwa umebakiza wiki sita. Nikamletea. Nilijiambia serikali itanunua dawa, kwamba miezi tisa si mingi, kwamba sitaji jina la kituo. Niliandika nikijua. Sasa nina mkataba wa kudumu na dirisha.

Nimempatia Shangazi dozi kamili, miezi sita. Usiniulize nimeipataje. Anaileta daktari mmoja anayekuja huko kwenye mkutano, atafika tarehe 5 Juni. Mpe Shangazi peke yake. Usiiingize kwenye daftari. Na ile barua yangu ya Aprili, tafadhali, ichome.

Usimwambie Shangazi niliyoyaandika. Akipona nitakuja nimwambie mwenyewe.

Mdogo wako


Tarehe 11 Agosti

Mtathmini,

Shangazi alifariki tarehe 28 Juni, saa nane mchana, kitanda cha kumi na mbili. Aliyethibitisha kifo ni mimi. Alizikwa siku iliyofuata. Hukupigiwa simu. Namba yako ninayo.

Sisi wengine wazima.

Alisubiri siku mia moja na kumi na nane. Daktari wako alifika tarehe 5 Juni kama ulivyosema, mtu mpole, mikono mitupu. Boksi lilishikwa forodha: dawa bila kibali. Lililetwa tarehe 9 Julai na ofisa wa forodha, akaomba radhi kwa kuchelewa. Nilimsainia.

Nimeliingiza kwenye daftari. Naandika hapa kama lilivyo huko: "Tarehe 9 Julai. Imepokelewa dozi kamili moja. Kutoka: mtumishi wa makao makuu ya Mfuko, mwandishi wa ukurasa wa 14. Nje ya utaratibu." Dozi imekwenda kwa namba 40, dereva wa lori. Ameongezeka kilo mbili. Anataka kujua amshukuru nani. Nimemwambia bado natafuta jina la kumwita.

Wiki yake ya mwisho Shangazi aliniomba nimsomee barua zako upya, zote. Nilizisoma zote. Ya Aprili na ya Mei pia, bila kuruka neno. Alizikunja moja moja akanirudishia. Kisha akasema, "Unakumbuka alipopata sifuri akaficha daftari la shule? Lilikuwa chini ya godoro langu. Siyo chini ya lake. Langu."

Nakumbuka, na wewe unakumbuka zaidi. Hakukuchapa. Alikusimamisha katikati ya sebule, nyumba imejaa wageni, akakupa daftari lako ulisome kwa sauti, kosa moja baada ya jingine, hadi mwisho. Ulikuwa na miaka tisa. Hukuficha daftari tena hadi ulipopata ofisi.

Barua ya Aprili sijaichoma. Nimeitoa nakala tatu. Ya Mei nimeitoa nne.

Serikali imekata rufaa dhidi ya mgao. Mratibu aliniuliza kama ningekubali kwenda kutoa ushahidi huko kwenu. Nilikubali kabla hajamaliza kuuliza.

Wanaosubiri ni kumi na sita. Namba 43 na namba 47 hawasubiri tena.

Muuguzi mkuu wa kituo


Tarehe 3 Septemba

Dada,

Umenizikia Shangazi kwa bahasha. Miezi miwili nimekwenda kazini nikiwa na shati lake, nikisalimia watu, nikicheka, na yeye yuko chini. Ulikuwa na namba yangu. Ulikaa na kalamu ukapanga sentensi ya kwanza iwe ile. Usiniambie hukuipanga.

Haya. Nimestahili. Sasa nisikilize kama mtu wa kazi.

Mfuko una orodha ya dharura. Naiandaa mimi. Naweza kukiweka kituo chako: dozi ishirini, zinafika Oktoba. Kila anayesubiri kwenye benchi lako ataanza kumeza. Ninachoomba ni kimoja. Usije. Acha nchi ipeleke rufaa yake bila wewe na bila barua zangu. Wanasheria wanao, watajitetea.

Ukija, utapoteza kazi, kwa sababu utalazimika kusema ulikuwa unavusha dawa mpaka. Bibi Kufuli atashtakiwa. Mimi nitafukuzwa, na binti yangu atalisikia shuleni. Na mwisho wa yote bodi inaweza kusema rufaa haina msingi, na wagonjwa wako wakabaki hapo hapo.

Fikiri. Kila siku unayoitumia kulipiza kisasi ni siku ya mgonjwa wako. Siyo yangu.

Najua hutaki kuisikia, lakini nitaiandika: shikamoo.

Mdogo wako


Tarehe 24 Septemba

Profesa,

Barua yako imefika siku nne zilizopita. Wazima sote. Paa la jikoni limezibwa. Yule fundi cherehani wa kitanda cha nne amemaliza dozi na ameruhusiwa. Alipokuwa akitoka alikutana na mratibu getini akamuuliza gari lake limeegeshwa wapi.

Ulisema nifikiri. Sikutaka kufikiri peke yangu juu ya miili ya wengine. Hiyo kazi umeifanya wewe na ukaona matokeo. Nimewaita wanaosubiri, kumi na wanane sasa, nikawakalisha kwenye mabenchi ya uani, nikawasomea sharti lako. Jina lako nililiacha nje. Nimejifunza kwako.

Namba 44 ni mwalimu wa shule ya msingi. Akainua mkono, kwa mazoea. "Sista, nchi nzima wanaosubiri ni wangapi?"

Mratibu alikuwepo. Akasema mia nne na kumi na wawili.

"Basi tukikubali sisi kumi na wanane tukanyamaza," mwalimu akasema, "mwakani sisi ndio picha ya ukurasa wa kumi na tano."

Mama mmoja, namba 52, akamgeukia. "Mwalimu, wewe huna mtoto anayenyonya. Mimi nataka kuishi. Mambo ya picha mtajua wenyewe."

Hakuwa amekosea. Walipiga kura ya mikono. Kumi na wawili walikataa sharti, sita walilikubali. Nikawaambia nitajaribu njia ambayo haimwachi mtu yeyote kati yao.

Nilichukua barua yako ya tarehe 3 Septemba, nikampa mratibu aitume kwa barua pepe kwa mwenyekiti wa bodi na kwa idara ya dharura, pamoja na orodha yangu ya majina kumi na nane. Nimeandika mistari miwili: kama dozi ishirini zipo nikinyamaza, zipo hata nikisema, naomba zije. Jibu lilikuja kesho yake. Dozi zinasafirishwa tarehe 5 Oktoba, kwa kibali, kupitia forodha, kwa jina la kituo. Chini ya jibu kulikuwa na swali moja: ni nani aliyeziwekea sharti? Mratibu aliniuliza ajibu nini. Nikamwambia wasubiri kidogo, nao wazoee kusubiri.

Kuhusu kazi yangu: nitaanza na kosa langu mwenyewe. Kwa miaka sita nilijivunia daftari safi. Nilikuwa na aibu ya kuandika "hakuna", nikaificha aibu hiyo kwenye kikapu, na wewe ukaikuta imeiva ukaichuma. Ningeandika ukweli kila mwezi, ungekosa cha kupiga picha. Mratibu ameshaniambia nitasimamishwa. Nimempa msaidizi wangu funguo za stoo na nimemwonyesha neno moja analopaswa kuliandika bila kutetemeka.

Kuhusu Bibi Kufuli: amestaafu tangu Agosti. Nilivuka daraja kumuuliza kama nimtaje. Alikuwa anachambua maharage kwenye ungo, hakuacha. "Nitaje kwa jina na kwa mwaka," akasema. "Wakitaka kunifunga, wanifunge kwa kufuli langu mwenyewe; ndilo pekee ninaloliamini." Ameandika maelezo yake kurasa tatu, ameweka dole gumba na saini, vyote viwili, akidhani kimoja kitapotea njiani.

Kuhusu binti yako: ndiyo, atalisikia. Namba 43 alikuwa na watoto wawili. Nao walisikia.

Sasa umeniambia hiki ni kisasi. Ni kisasi. Sikuelewi unapoliandika neno hilo kama vile nitalikana. Nilimpita Shangazi kila asubuhi kwa siku mia moja na kumi na nane, na kila asubuhi nilikuwaza wewe. Hata kama rufaa isingekuwepo, ningekuja kukaa kwenye ngazi za ofisi yenu na barua mkononi. Ni bahati ya wagonjwa mia nne na kumi na wawili kwamba kisasi changu na haki yao vinasafiri kwa ndege moja.

Kanuni za rufaa nimezisoma, kifungu cha tisa. Wastani wa pato hawatautazama upya. Wanasheria wetu wanaweza kuupigia kelele hadi wakauke. Lakini ikithibitika kwamba mtathmini alijua jambo akaliacha, tathmini inafutwa, na mgao wa nchi unarudi ulipokuwa hadi ufanywe mwingine. "Nilizisikia kama ndugu na nikaziacha nje kama ndugu." Mwanasheria wa serikali aliisoma mara moja akavua miwani. Alisema katika miaka yake ya kazi hajawahi kuletewa sentensi iliyokamilika namna hiyo.

Sitaisoma mimi. Nimemwomba mwenyekiti kwamba barua ya Aprili isomwe na aliyeiandika, akiwa amesimama, na amekubali kwa maandishi. Utapewa nakala pale pale. Soma kwa sauti, usimeze maneno, usiruke hadi kwenye jino la mtoto. Nitakuwa mkabala na wewe, na Bibi Kufuli atakuwa kulia kwangu. Ukifika mwisho, kaa.

Usivae lile shati.

Kikao ni Jumatatu, tarehe 19 Oktoba, saa tatu kamili asubuhi, ghorofa ya sita, chumba kile kile mlichotangazia mgao. Mimi ni wa nne kwenye orodha ya mashahidi. Wewe ni wa tano.

Dada yako